Taya linalia "ka!" ukitafuna? Usikimbilie kung'oa jino

Leo tuongelee ishu ya taya. Kuna mtu akifungua mdomo taya linalia "ka!", akitafuna maumivu yanapanda mpaka sikioni. Anajua ni jino, anaenda kung'oa gego, na maumivu yanabaki pale pale. Gego ndo limeenda hivyo, halioti tena.

Kiungo cha taya kiko mbele kidogo ya sikio. Weka kidole hapo, fungua na funga mdomo, utakisikia kinacheza. Katikati ya mifupa kuna kisahani laini. Kikihama kidogo ndo unasikia mlio. Misuli nayo ikichoka kwa kusaga meno usingizini, kubana meno ukiwa na mawazo au kutafuna vitu vigumu, maumivu yanaanza.

Kama ni mlio tu, hauumi na mdomo unafunguka vizuri, hakuna cha kutibu. Na wenye maumivu wengi hupona bila kisu. Fanya hivi:

1. Lipumzishe taya wiki mbili tatu. Kwetu chakula laini si tabu: ndizi na maharage, uji, samaki. Akamwani, miwa, mahindi ya kuchoma na big G weka kando. Hata senene waliokaushwa wasubiri.

2. Meno ya juu na chini yagusane wakati wa kula na kumeza tu. Uko kwenye kompyuta umejikuta umeyabana? Achia.

3. Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika 15 hivi, mara 2 au 3 kwa siku. Kisha fungua na funga mdomo taratibu, bila kulazimisha.

4. Ukipiga miayo, shika kidevu.

5. Ibuprofeni kwa siku chache inasaidia, ila mjamzito au mwenye vidonda vya tumbo aulize kwanza.

Hayo siyo maneno ya kijiweni. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya taya yaliyodumu miezi 3 au zaidi. Yaliyopewa kipaumbele ni mazoezi ya taya, kukandwa misuli na mtaalamu, na ushauri wa kisaikolojia. Upasuaji wa kuondoa kile kisahani walishauri usifanyike.

Ila kuna mambo ya kukimbilia hospitali. Taya likichomoka mdomo ukabaki wazi, asikupige mtu kibao. Nenda hospitali ya mkoa Bukoba, au Rubya na Ndolage kwa watu wa Muleba. Daktari hulikandamiza chini kupitia magego, halafu analirudisha nyuma. Na taya likikaza baada ya kupata kidonda, inaweza kuwa pepopunda. Hiyo ni dharura, usilale nyumbani.

Kwa hiyo kabla hujakubali kung'oa, muulize daktari wa meno: jino limeoza kweli, au ni kiungo cha taya? Nawasilisha.