Kupanga Kasi ya Mawasiliano katika Njia Pepe

Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwezi Juni 2025, magari yaliyotoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita yalivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko. Yalipofika mengi kwa mpigo, yaliyokosa nafasi yalingoja zamu. Mawasiliano ya kompyuta baina ya ofisi na ofisi nayo yana kivuko chake, ila tofauti ni kubwa: gari lililokosa nafasi lilibaki gatini, lakini taarifa iliyokosa nafasi mtandaoni hutupwa.

Njia pepe ni njia iliyotengwa kwa ofisi mbili ndani ya mtandao unaotumiwa na wengi, pasipo kuvuta waya wa peke yao. Utaratibu huu ulienea katika miaka ya 1990 kwa jina la Fremu Rilei. Ufundi huo umekwisha kuachwa mahali pengi, lakini kanuni yake ya kupima kasi ingali hai katika mitandao ya leo.

Vipimo vya kufahamika ni vitatu. Kwanza, kasi ya mlango, yaani uwezo wa waya unaoingia ofisini. Pili, kasi ya ahadi, ambayo mtandao umekubali kuipitisha. Tatu, ziada, yaani kinachoruhusiwa kupita juu ya ahadi pale njia inapokuwa nyeupe. Ziada hutiwa alama, na msongamano ukitokea ndiyo hutupwa kwanza. Kwa hiyo si busara kazi ya lazima kutegemea ziada.

Tuseme ofisi ya Mwanza ina mlango wa kilobiti 2,048 kwa sekunde, na ofisi ya Nansio, kisiwani Ukerewe, ina mlango wa kilobiti 64. Mwanza ikituma kwa nguvu zake zote, mzigo wa sekunde moja utahitaji sekunde 32 kuingia Nansio. Mtandao huhifadhi kidogo na kutupa kinachobaki. Kompyuta nazo hurudia kutuma kilichopotea, na msongamano huzidi. Karani wa Nansio anayesubiri orodha ya mishahara hudhani waya umeharibika. Mkuu wake huomba fedha za kuongeza kasi, ilhali kasoro iko Mwanza, katika ruta isiyopangwa.

Dawa yake ni mtumaji kujizuia mwenyewe. Ruta ya Mwanza ipangwe ipeleke Nansio kilobiti 64 na si zaidi, na mzigo uliosalia ungoje zamu humo humo. Kila tawi lipewe kipimo chake. Aidha, jumla ya ahadi ilinganishwe na mlango wa makao makuu: matawi kumi yenye kilobiti 256 kila moja ni kilobiti 2,560, ambazo hazienei katika mlango wa 2,048 yote yakituma kwa pamoja.

Watumishi wanaosimamia mitambo wanakumbushwa pia kutochanganya biti na baiti, kwani baiti moja ni biti nane. Kipimo kikiandikwa kikubwa mno, taarifa hupotea; kikiwa kidogo mno, Serikali hulipia uwezo isioutumia. Ni vyema, kabla ya kuomba kasi mpya, ofisi zikague vipimo vya pande zote mbili na kuvilinganisha na mkataba.