Barakoa ya kitambaa haijawa safi hadi ikauke

Sharti la kuvaa barakoa katika maeneo ya wazi liliondolewa nchini Machi 2022, lakini barakoa za kitambaa bado zinawafaa wenye kikohozi na wanaopukuchua mahindi penye vumbi.

Shirika la Afya Duniani lilishauri zifuliwe kila siku kwa sabuni na maji ya nyuzi 60 au zaidi. Asiye na maji moto huifua kwa maji ya kawaida, kisha huichemsha dakika moja. Kitale, kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, maji huchemka yakikaribia nyuzi 94, yatosha.

Taabu ni mvua. Hata Bungoma, penye joto zaidi, barakoa iliyoanikwa jioni huweza kuamka na unyevu, nao huzuia pumzi. Heri kuwa nazo tatu, na pasi ya makaa karibu.