Kolwezi kwa siku moja: bukari ya saa sita na mji uliokaa juu ya mukuba

Wageni wengi wanafika Kolwezi kwa sababu ya kazi ya madini. Wanalala usiku mbili, wanamaliza mambo yao, wanarudi Lubumbashi kwa barabara ya karibu kilomita 300 bila kuuangalia mji wenyewe. Ni hasara. Kolwezi haina majumba ya kale wala makumbusho makubwa, lakini ni kati ya miji michache ya Kongo ambapo historia ya zaidi ya miaka mia moja inaonekana ukiwa unatembea kwa miguu tu. Na anayetaka kuifahamu haraka aanze na swali dogo: saa sita ikifika, watu wa hapa wanakula wapi, na nani anawalisha?

Kabla ya swali hilo kuna zahabu. Ndiyo, zahabu. Mwaka 1899 Mskoti mmoja, Robert Williams, alianzisha kampuni ya Tanganyika Concessions, na wapelelezi wake wakaongozwa na George Grey, ndugu yake Edward Grey aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya inje wa Uingereza. Pale Ruwe, pembeni ya Kolwezi ya leo, walikuta zahabu, na mwanzoni mwa karne ya 20 mgodi wa zahabu ukafanya kazi pale, wakati mji wenyewe bado haujazaliwa. Grey hakuzeeka: mwaka 1911 alishambuliwa na simba huko Kenya, akafa. Ruwe leo inajulikana zaidi kwa jina la Mutoshi, na kinachochimbwa pale ni shaba na kobalti. Mgeni akipita njia ile haoni alama yoyote ya zahabu.

Hata hao wapelelezi walikuta watu wameshatangulia. Wasanga na majirani zao walikuwa wakiokota malakiti, lile jiwe la kijani, na kuliyeyusha wakati wa kiangazi kwa makaa na mivukuto ili kupata mukuba, yaani shaba. Walitengeneza misalaba iliyotumika kama pesa katika biashara ya mbali. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao kijitabu mwaka 1926, akawaita walaji wa shaba. Neno lenyewe linafaa kukumbukwa, maana katika lugha zetu "kula" kitu si kukitafuna tu. Ni kuishi kwa njia ya kitu hicho.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937, kwa ajili ya migodi ya magharibi ya kampuni hiyo. Ndiyo maana mtaa wa zamani una sura ya mji uliochorwa na injinia: barabara pana, miti, nyumba za wakubwa zenye bustani upande mmoja, na kambi za wafanyakazi upande mwingine, nyumba zimepangwa mstari kwa mstari. Ubaguzi wa wakati ule unasomeka katika ramani mpaka leo, hakuna haja ya kuelezwa.

Katika zile kambi, swali la nani anawalisha watu lilikuwa na jibu moja: kampuni. Tangu miaka ya 1920 Union Minière iliamua kuwaweka wafanyakazi pamoja na bibi na watoto wao, badala ya kuchukua wanaume peke yao na kuwarudisha vijijini. Mfanyakazi alipata mshahara pamoja na posho: unga na vyakula vingine, kwa hesabu ya ukubwa wa jamaa yake. Hospitali ilikuwa ya kampuni, masomo ya kampuni, hata mpira. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilitaifisha kampuni, ikaja kuitwa Gécamines, na mtindo ukaendelea. Watu waliiita baba na mama.

Halafu baba akashindwa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto, hapa Kolwezi, uliporomoka, na mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 50,000. Mwaka huohuo Wakasai wengi walifukuzwa. Walikaa kwenye gare wakingoja treni, na wengine walikufa wakingoja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango uliosimamiwa na Benki ya Dunia, ulioitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alishaandika kitabu juu ya jamaa hizo, akawaita Bana Shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Aliyewalisha baadaye ni mama. Posho ilipokatika, bamama ndio walioingia shambani na sokoni, na wengine wakatoa sufuria inje. Malewa unazoziona leo karibu na masoko na vituo vya taksi, banda la mabati, benchi mbili, mbabula yenye makaa na sufuria kubwa, zina historia hiyo nyuma yake. Kwa hiyo usiende kula hotelini. Kaa kwenye benchi.

Utapewa bukari. Ni ile ambayo Watanzania na Wakenya wanaita ugali, ila hapa unga wa mahindi mara nyingi unachanganywa na wa muhogo, na inakuwa laini zaidi, inavutika kidogo. Unanawa mikono, unakata tonge, unachovya. Hapa bukari njo chakula; vingine vyote, hata nyama, ni mboga. Mboga ya kila siku ni sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa muda mrefu. Au matembele, au lengalenga. Samaki anayeonekana sana ni thomson, anayekuja amegandishwa kutoka bahari ya mbali, pamoja na ndakala wakavu. Ukifika wakati wa mvua, uliza uyoga. Uliza pia finkubala, wale viwavi wa msituni, wakavu au wa kukaanga, na kikanda, ambayo inatengenezwa kwa mizizi ya maua ya porini na karanga na inakatwa vipande kama soseji. Mgeni anayeogopa viwavi aanze na kikanda. Kinywaji cha kiasili ni munkoyo, ya mahindi na mizizi. Anayetaka bia atakuta Simba na Tembo, zote mbili za Lubumbashi.

Sasa, unga ule ulitoka wapi? Mara nyingi Zambia, kwa malori yanayopitia Kasumbalesa. Jimbo la Lualaba linasafirisha madini kwa dunia nzima, lakini halijilishi. Zambia ikizuia mahindi yake kutoka, kama ilivyofanya zaidi ya mara moja, bei ya mfuko inapanda Kolwezi mara moja, na tonge la malewa linapungua. Mashamba ya karibu na mji nayo yanabanwa na makonsesyo ya kampuni.

Baada ya kula, kuna sehemu tatu za kutazama, na hakuna hata moja yenye tiketi.

Ya kwanza ni alama za vita. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FLNC, wengi wao askari wa zamani wa Katanga, waliingia Kolwezi wakitoka Angola kwa njia ya Zambia. Tarehe 19 askari wa jeshi la kigeni la Ufaransa waliruka kwa miavuli juu ya mji. Shule ya Jean XXIII, hospitali ya Gécamines na hoteli ya Impala zilikuwa kati ya shabaha zao. Mwaka 1980 Raoul Coutard alitoa filamu juu yake. Filamu na vitabu vya Ulaya vinahesabu vizuri Wazungu waliouawa, zaidi ya mia moja. Wakongomani waliokufa walikuwa mamia, na majina yao hayajulikani hivyo. Wazee wa Manika wanaikumbuka ile wiki. Ukitaka kuwauliza, omba kwanza, na usikilize bila haraka.

Ya pili ni Kasulo. Mwaka 2014 madini ya kobalti yalionekana chini ya nyumba za kartye hii, na habari ikaenea haraka. Watu walichimba sebuleni, jikoni, chini ya vitanda. Mashimo yakateremka makumi ya metre. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilipewa kampuni ya Congo Dongfang Mining, jamaa zikahamishwa, ukuta ukajengwa. Kwa nje utaona ukuta huo na barabara ya kawaida yenye pikipiki. Usijaribu kuingia, na usitoe simu kupiga picha bila ruhusa. Ni hivyo hivyo kwa migodi, madaraja na askari.

Ya tatu ni Cité Gécamines, kartye ya wafanyakazi wenyewe, nyumba nzuri zenye maji na umeme, karibu na shimo la mgodi wa Commus ulioanza tena mwaka 2015. Ripoti ya Amnesty International ya Septemba 2023, iliyofanywa pamoja na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi, ilieleza jinsi wakaaji wanavyotakiwa kuondoka na jinsi wengine wanavyosema pesa walizopewa hazitoshi kununua nyumba kama ile. Anayetaka kuona kambi ya kampuni jinsi ilivyokuwa asichelewe. Nyumba nyingine zimeshavunjwa.

Ukibaki na nusu siku, nenda Nzilo, ziwa lililotokana na bwawa la mto Lualaba, lililojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya umeme wa migodi. Hewa ni nzuri, na baada ya vumbi la malori ya mjini, macho yanapumzika. Ukirudi, wauza malakiti watakuonyesha pete, mayai ya mawe na tembo wadogo wa kijani. Bei ya kwanza haijawahi kuwa bei. Kabla ya kulipa, lishike mkononi: malakiti ya kweli ni nzito na baridi, na mistari yake haifanani mahali popote.