Redio ya Mtaa Mmoja

Ukifungua redio kwenye 99.9 FM ukiwa Korogocho, kaskazini mashariki mwa Nairobi, utaipata Koch FM. Panda matatu hadi mjini, uunganishe nyingine ya Kibera, kisha ufungue redio ile ile bila kugusa kitufe cha masafa. Sasa ni Pamoja FM. Vituo viwili, namba moja, jiji moja, na hakuna aliyempora mwenzake. Mitambo yao ni midogo kiasi kwamba mawimbi ya kituo kimoja hufifia kabla ya kuufikia mtaa wa kituo kingine. Ndiyo maana namba hiyo moja iliweza kugawiwa zaidi ya kituo kimoja.

Nafasi ya FM katika nchi nyingi huanzia megahazi 87.5 na kuishia 108, na kwa Nairobi nafasi hiyo ilijaa zamani. Redio za kibiashara zenye milingoti mirefu zinasikika kuanzia Limuru hadi Machakos. Kwa vijana wa mtaa wa mabanda, kuomba masafa ya ukubwa huo ni ndoto. Walichoweza kupata ni kipande kidogo cha anga juu ya mapaa yao wenyewe, na kipande hicho kimewatosha kwa mambo mengi kuliko mtu wa nje anavyoweza kudhani.

Redio ya taifa ina wasikilizaji mamilioni, kwa hiyo haiwezi kutangaza kwamba bomba la maji limepasuka karibu na kanisa fulani, kwamba mtoto wa miaka minne aliyevaa fulana ya kijani yuko ofisini kwa chifu akisubiri mama yake, au kwamba chanjo ya polio inatolewa leo hadi saa nane mchana. Habari hizo hazimhusu mkazi wa Eldoret. Lakini mama wa Korogocho aliyepotelewa na mtoto hana habari kubwa kuliko hiyo siku hiyo nzima. Mtaji wa redio ya mtaa ni huo ufupi wa masafa yake, na wanaotaka kuanzisha kituo wakiwa na hamu ya kusikika kaunti nzima huwa wamekosea tangu mwanzo.

Kenya ina historia ndefu ya jambo hili. Mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, kituo kidogo kilifunguliwa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, kikitumia mtambo wa bei nafuu. Wengi hukitaja kuwa redio ya jamii ya kwanza barani Afrika. Wakati huo utangazaji wote ulikuwa mikononi mwa serikali kupitia Sauti ya Kenya, na mwaka 1984 serikali iliyokuwa imekikubali kituo hicho ndiyo iliyokifunga. Hewa ilianza kufunguliwa kwa watu binafsi miaka ya tisini, Capital FM ikiingia mwaka 1996, lakini walionufaika kwanza walikuwa wenye fedha. Redio za wananchi zilisubiri zaidi. Mang'elete, iliyosimamishwa na vikundi vya akina mama katika eneo kavu la Makueni, ilikwenda hewani mwaka 2004. Koch FM ilifuata mwaka 2006, studio yake ikiwa ndani ya kontena la meli. Pamoja FM ilianza Kibera mwaka 2007.

Pamoja ilipewa mtihani kabla haijatimiza mwaka.

Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Kibera ikawaka. Vibanda vilichomwa, majirani waliokuwa wakikopeshana chumvi wakahesabiana makabila, na reli inayopita katikati ya mtaa ikang'olewa. Ujumbe mfupi wa simu wenye sumu ukasambaa mkono hadi mkono. Baadhi ya redio kubwa zinazotangaza kwa lugha za mama zililaumiwa baadaye kwa kuchochea hasira, na suala hilo lilijadiliwa katika ripoti ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo na kuhesabu vifo 1,133 nchi nzima. Pamoja FM ilibaki hewani ikihimiza utulivu kwa Kiswahili, lugha ambayo Mjaluo, Mluhya, Mkikuyu, Mkamba na Mnubi wa Kibera wote wanaitumia sokoni.

Kwa nini kituo kidogo namna ile hakikufuata upepo? Wema wa watangazaji wake ni sehemu ya jibu, ila si jibu lote. Mtangazaji wa redio ya mtaa anarudi kulala katika mtaa huo huo. Akitamka la uchochezi saa tatu, saa nne atakutana na aliyemtukana kwenye kibanda cha maji. Nyumba ikichomwa kwa sababu ya maneno yake, moshi utamfikia yeye mwenyewe na watoto wake. Mtangazaji anayezungumza akiwa ghorofa ya kumi mjini, na wasikilizaji wake wako umbali wa kilomita mia mbili, hana breki ya aina hiyo. Sheria za utangazaji ni za lazima, lakini katika wiki zile mbaya ujirani ulifanya kazi ambayo hakuna afisa wa serikali angeweza kuifanya.

Ndiyo maana wenye uzoefu wakiulizwa kituo kinaanza na nini, hawaanzi na mtambo. Kinaanza na watu wanaoweza kukaa meza moja: kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, mweka hazina na kumbukumbu za mikutano, na ndani yake wamo mama muuza mboga, imamu, mchungaji, mwalimu, bodaboda na vijana wa muziki. Kikundi cha marafiki watano wa rika moja kinaweza kununua maikrofoni wiki ijayo, lakini siku diwani atakapokuja na bahasha akitaka kipindi chake, hakitakuwa na mtu wa kumwambia hapana. Kanuni za utangazaji za Kenya za mwaka 2009 zinaitambua redio ya jamii kama kundi la peke yake: isiyo ya faida, inayomilikiwa na jamii yenyewe, na yenye matangazo ya biashara yanayohusu eneo lake. Leseni na masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na mtambo wenyewe lazima uwe umeidhinishwa.

Wapo wanaoona leseni kuwa usumbufu wa makaratasi tu. Watazame juu. Megahazi 108, pale FM inapokoma, ndipo masafa ya usafiri wa anga yanapoanza: kwanza vifaa vinavyoongoza ndege kutua, kisha mawasiliano ya rubani na mnara. Mtambo wa kuungaunga usio na kichujio hautupi mawimbi kwenye 99.9 pekee. Humwaga takataka pembeni, na takataka hizo zinaweza kuingia sikioni mwa rubani. Kibera iko karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ambako ndege ndogo hupaa na kutua mchana kutwa. Hapo kichujio hakina mjadala.

Mtambo wenyewe si kitu cha kutisha. Marekani, iliyofungua mlango kwa vituo vya nguvu ndogo mwaka 2000, iliweka ukomo wa wati 100 na antena yenye kimo cha mita 30, na ikakadiria kwamba kituo cha namna hiyo husikika vizuri hadi umbali wa takriban kilomita 5.6. Wati 100 ni kama balbu moja ya zamani ya sebuleni. Wageni wa kazi hii hupenda kukimbilia kuongeza wati, na mafundi huwavuta shati. Hata pale ambapo hakuna kizuizi chochote, lazima nguvu iongezwe mara nne ndipo umbali uongezeke maradufu, na katikati ya kuta na mabati faida ni ndogo zaidi. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka kama mtu anavyoona, hivyo shilingi iliyowekwa kwenye mlingoti mrefu zaidi huleta wasikilizaji wengi kuliko ile iliyowekwa kwenye mtambo mkubwa zaidi. Paa la jengo la ghorofa nne likipatikana kwa kodi nafuu, kazi nyingi imeshakwisha.

Antena ndiyo inayohitaji jicho kali. Kwa 99.9 urefu wa wimbi moja ni mita tatu, na antena ya kawaida huwa nusu ya hapo, yaani kimo cha mtoto wa darasa la saba. Ikikatwa vibaya, au maji yakiingia kwenye kiungo cha waya, nguvu iliyopaswa kutoka hewani hurudi mtamboni na kuuchoma. Fundi mzuri hawashi mtambo bila antena hata kwa dakika moja, na hutazama mita ya nguvu inayorudi kabla ya kufurahia sauti. Mlingoti unahitaji pia waya mnene wa kuupeleka umeme wa radi ardhini, kazi ya nusu siku ambayo huahirishwa mpaka mvua ya masika iikumbushe.

Studio inaweza kuwa chumba cha futi kumi kwa kumi: kompyuta moja, mikisa ndogo, maikrofoni mbili au tatu, vipokea sauti vya masikioni, na simu ya kupokea wasikilizaji. Mtindo wa kubandika trei za mayai ukutani umeenea kila mahali, na unastahili kuachwa. Trei hupunguza mwangwi kidogo tu, hazizuii kelele za nje, na zile za karatasi hushika moto haraka katika chumba kilichojaa nyaya. Mablanketi mazito na magodoro ya zamani nyuma ya kitambaa hufanya kazi nzuri zaidi kwa bei ile ile. Ukuta wa kontena nao ni chuma: adhuhuri joto huwa kali, na mvua ikinyesha mtangazaji anashindana na paa.

Kikundi ambacho bado hakina leseni kina njia ya kujipima. Kampala na miji mingine ya Uganda ina vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo, ambavyo wenyeji huviita bizindaalo, na vimetangaza vifo, watoto waliopotea na mikutano kwa miaka mingi bila kurusha wimbi lolote. Kero yake ni kwamba asiyetaka kusikiliza hana kitufe cha kuzima. Lakini saa moja ya habari za mtaa kila Jumamosi katika ukumbi wa chifu, au kipindi kinachorekodiwa kwa simu na kutumwa kwenye vikundi vya WhatsApp, kitaonyesha baada ya miezi mitatu nani anafika kwa wakati, nani anahakikisha habari kabla ya kuisoma, na nani alikuja kutafuta umaarufu.

Kisha kuna fedha. Wafadhili hununua mitambo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu mtambo unapigwa picha. Tokeni za stima hazipigwi picha, wala kodi ya chumba, wala nauli ya kijana anayefungua kituo saa kumi na moja alfajiri. Vituo vingi vya jamii hunyamaza miaka miwili au mitatu baada ya sherehe ya uzinduzi kwa sababu hiyo, huku mitambo ikiwa bado mizima. Vilivyodumu vimejifunza kuokota shilingi ndogo ndogo: tangazo la duka la dawa, la kinyozi, la shule binafsi, matangazo ya harambee na vifo, na salamu. Utamaduni wa salamu haujafa. Mtu hununua kadi, huorodhesha majina ya jamaa na marafiki, na jioni yote yanasomwa hewani. Kwa redio inayosikika kilomita tano, karibu kila jina linalosomwa lina jirani anayelisikia.

Udogo huokoa fedha upande mwingine pia. Mtambo wa wati 100 pamoja na mikisa na kompyuta ya mkononi huhitaji takriban wati 250 hadi 300 za umeme. Betri moja kubwa ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 200, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, itakibeba kituo kwa saa nne hivi. Stima ilipopotea karibu Kenya nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilidumu kwa saa nyingi hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Usiku kama huo, betri mbili na paneli ya jua ndizo zinazoamua kama mtaa utapata maelezo au uvumi. Huko Bay St. Louis, Mississippi, kimbunga Katrina kilipofagia pwani mwezi Agosti 2005, WQRZ, kituo cha nguvu ndogo, kilibaki hewani wakati vituo vingi vikubwa vya eneo hilo vilikuwa vimenyamaza, na wakazi wakakitegemea kujua wapi pa kupata maji na barafu.

Linabaki tatizo la watu kuondoka. Kijana anajifunza kusoma habari, kuhariri sauti na kuendesha mjadala, na siku moja redio kubwa ya mjini inamwita kwa mshahara. Wengi waliopitia studio za mitaa ya Nairobi wameondoka hivyo, na kumlaumu kijana anayekwenda kulipwa ni dhuluma. Kinachowezekana ni kituo kujipanga kama shule: kila kipindi kiwe na mtangazaji na mwanafunzi wake, kila fundi awe na msaidizi anayejua kubadilisha kiungo cha antena, na nywila za kompyuta ziandikwe kwenye daftari linalofungiwa kabatini badala ya kukaa kichwani mwa mtu mmoja. Wasichana wapewe zamu za mitambo pia, wasiachiwe vipindi vya mapishi na mapenzi pekee. Na barua ya kuhuisha leseni ipangiwe tarehe na mtu wa kuifuatilia, maana mweka hazina akihamia mtaa mwingine bila kukabidhi faili, msikilizaji wa kawaida atagundua siku ambayo 99.9 itakuwa inatoa mvumo tu.