Juu wazi, chini vumbi: rekodi za magari ya michezo zikitazamwa kutoka Juba

Ukitaka kuzungumzia gari lisilo na paa hapa Juba, huna budi kuanza na jua. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa hofu ya joto la nyuzi 45, na wazazi wakaambiwa wasiwaache watoto wacheze nje. Magari makuukuu hayakutajwa kwenye tangazo, ila mwenye gari la kabureta alijua linamhusu.

Chukua MGB, gari la michezo la Kiingereza, kwa mfano. Iliundwa na watu ambao kwao jua ni mgeni. Ikikwama kwenye foleni ya darajani saa nane mchana, petroli huchemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta. Injini inakohoa mara mbili tatu, inazima. Utapiga stata mpaka betri ife. Fundi anayeijua kazi yake hagusi plagi: analowesha kitambaa, anakizungushia kwenye bomba la mafuta, kisha anangoja huku vijana wa bodaboda wakigawa ushauri wa bure. Dawa ya kudumu ni kulisogeza bomba mbali na eksozi, kulivika kizuia joto na kuongeza feni ya umeme kwenye radieta.

Tukija kwenye rekodi, MGB zilitoka kiwandani zaidi ya 500,000 kati ya 1962 na 1980, za paa gumu zikihesabiwa humo. Mjapani akaja akazipita. Mazda MX-5 ilianza 1989. Mwaka 2000 kitabu cha rekodi cha Guinness kikaitambua kuwa gari la michezo la wazi la viti viwili lililouzwa kuliko yote duniani, na Aprili 2016 gari la milioni moja likaundwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo rekodi yenye faida kwa fundi, maana gari lililozaliwa kwa wingi halikosi spea. Mwaka 2017 Mazda wenyewe walitangaza huduma ya kuzifufua MX-5 za toleo la kwanza huko Japani, wakatengeneza upya hata turubai la paa. Sisi wa huku tunaagiza Kampala, soko la Kisekka, au Nairobi, Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan.

Bodi ina mambo yake. Juba ina vumbi na tope la masika, lakini haina chumvi ya bahari inayolitafuna bati Mombasa. Anayenunua gari la wazi pwani afunue kapeti kwanza, agonge sakafu kwa bisibisi. Gari la namna hii, kwa kuwa halina paa, linashikwa na sakafu na vizingiti vya milango. Fundi akikata kizingiti kilichooza bila kwanza kuchomelea chuma cha kushikilia uwazi wa mlango, gari linalegea katikati, na mlango hautafunga sawa tena hata ukipaka rangi ya bei gani.

Likishapona, litapelekwa wapi? Barabara ya Juba–Nimule, kilomita 192, iliyokamilika 2012 kwa fedha za Marekani, ndiyo barabara kuu ya kwanza ya lami kuiunganisha Sudan Kusini na jirani yake. Sisi tunapita kulia, Uganda wanapita kushoto, kwa hiyo mpakani Nimule kila dereva anahama upande. Mwenye usukani wa kulia akitaka kulipita lori upande wetu haoni kitu. Abiria ndiye anayechungulia na kupunga mkono: twende, au subiri.

Abiria aliyeifanya kazi hiyo vizuri kuliko wote alikuwa Denis Jenkinson. Katika mashindano ya magari ya Mille Miglia ya 1955, Italia, alikaa kando ya dereva Stirling Moss ndani ya Mercedes 300 SLR ya wazi, namba 722, kwa sababu waliondoka saa 1:22 asubuhi, yaani 7:22 kwa saa za Kizungu. Kelele na upepo havikuruhusu maneno. Jenkinson alikuwa na kisanduku chenye karatasi ndefu ya kuviringisha, yenye maelezo ya kila kona, naye akimwashiria Moss kwa mkono. Walimaliza kilomita takriban 1,600 kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Mashindano hayo yalikomeshwa 1957, na rekodi yao haikuvunjwa. Gari ndugu na hilo, lenye paa, liliuzwa 2022 kwa euro milioni 135, bei ambayo hakuna gari jingine lililowahi kuifikia mnadani. Mimi ningechukua la wazi.

Rekodi si kasi na bei tu. Kwa ukaidi, hakuna wa kuwashinda Chaplin Court Treatt na mkewe Stella. Walitoka Cape Town Septemba 1924 na magari mawili ya Crossley, wakapita Sudan yote kutoka kusini, wakaingia Cairo Januari 1926: miezi 16, safari ya kwanza ya gari kati ya miji hiyo.

Kwa umri, dereva wa mbio Björn Waldegård. Alishinda Safari Rally 1977, na 2011, akiwa na miaka 68, akashinda East African Safari Classic kwa Porsche 911, mwanawe akimsomea njia.

Na kwa kudumu, Irv Gordon, mwalimu wa sayansi wa New York. Volvo P1800 aliyoinunua mpya 1966 ilifikisha maili milioni tatu huko Alaska, Septemba 2013. Ina paa, sawa, lakini hizo ni karibu kilomita milioni 4.8, yaani Juba–Nimule zaidi ya mara 25,000. Alipoulizwa siri, alisema anafuata kitabu cha gari na kubadilisha oili kwa wakati.