Nukta Chini ya Herufi

Kiarabu kina herufi 28, ilhali alfabeti ya Kirumi ina 26 tu, na miongoni mwa hizo zimo zisizomfaa kitu Mwarabu, kama p na v. Basi yeyote atakaye kumwandikia mwanafunzi maneno ya Kiarabu kwa herufi za Kirumi, ili ayasome na kuyatamka kabla hajaizoea hati yenyewe, hana budi kuziunganisha zile alizo nazo au kuzitia alama.

Wanazuoni wa Kijerumani walichagua alama. Mapendekezo yao waliyoyatoa Roma mwaka 1935 ndiyo yaliyokuja kuwa msingi wa kanuni ya DIN 31635 ya mwaka 1982, ambayo kaida yake ni kwamba kila herufi ya Kiarabu iwe na alama moja isiyoshirikiwa na nyingine: ḥ, ṣ, ḍ, ṭ na ẓ hutiwa nukta chini, na irabu ndefu hupigwa mstari juu, kwani kataba ni aliandika, na kātaba ni aliandikiana barua na mtu. Hata sh huandikwa š, wala si kwa ukaidi. Sisi tunaomwandika Is-haka kwa kistari, asije mtu akamwita Ishaka, twaijua sababu yake.

Mswahili aghalabu hudhani kuwa jambo hili halimhusu, maadamu lugha yake imekwisha kupokea dh, th na gh. Kumbe mazoea hayo ndiyo yanayomhadaa. Dh yetu ya dhahabu ni dhali, ya dhamana ni dhadi, ya dhuluma ni dha, herufi tatu za matamshi mbalimbali, nasi tumezitia katika kapu moja. Vivyo hivyo s ya salama si s ya subira, wala t ya taji si t ya tabibu, wala h ya hewa si h ya haki. Wako waandishi wa pwani ambao huandika swala na twahara, w ikisimama mahali pa nukta, nayo ni hila ya werevu, ila asiyeelezwa huitamka w kamili, na dawa ikazidisha maradhi.

Iko pia hitilafu baina ya kufuata maandishi na kufuata sauti. Maktaba ya Bunge la Marekani huandika al-shams, kama hati ilivyo, nalo lafaa kwa kupanga vitabu. Lakini mbele ya herufi 14 ziitwazo za jua lamu haisikiki, kwa hiyo mwanafunzi aandikiwe ash-shams, la sivyo atajifunza matamshi ambayo hayatamkwi na Mwarabu yeyote.

Katika kisomo cha Kurani uzembe huu hugharimu zaidi. Sura nne za Juzuu Amma huanza kwa neno qul, yaani sema, na kijitabu kikiandika kul, kwa kuwa k ndiyo tuliyoizoea katika kalamu, amri hiyo hugeuka kuwa kula. Na hata pale q ilipoandikwa sawasawa, karatasi haimwonyeshi msomaji kwamba sauti hiyo hutoka mwisho kabisa wa ulimi, karibu na kimio. Hilo atalipata kwa mwalimu, akimsikiliza na kusahihishwa papo hapo.