Jimbo Lisilo na Serikali

Kilwa ina majimbo mawili, la Kaskazini na la Kusini, wala hakuna lenye serikali yake. Kwa Mtanzania wa leo jimbo ni eneo la kumchagulia mbunge, basi. Babu zetu walilijua neno hilo kwa upana zaidi: Jimbo la Kusini la enzi za Mwingereza, ambalo kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Lindi mjini. Ukivuka mpaka wa Kenya ukamtajia mzee wa Kilifi neno "majimbo", yeye atamkumbuka Ronald Ngala.

Ngala na wenzake waliunda chama cha KADU mwaka 1960 kwa hofu iliyo wazi. Wamijikenda, Wakalenjin, Wamaasai na wengine waliona kwamba kura zikihesabiwa kwa vichwa, makabila makubwa ndani ya KANU yatashinda leo, kesho na keshokutwa. Kwa hiyo hawakudai uchaguzi wa haki peke yake. Walidai majimbo, yaani mikoa yenye mabunge yake, ili anayeshindwa Nairobi asishindwe mpaka nyumbani kwake. Katiba ya 1963 iliwapa mikoa saba yenye mamlaka, ukiacha Nairobi. KANU ikashinda uchaguzi wa Mei mwaka huohuo, ikaibania mikoa fedha, na Novemba 1964 KADU ikajivunja yenyewe. Wazo lao lilirudi 2010 kwa jina la ugatuzi: kaunti 47, zenye fungu lililowekwa kwenye katiba, si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Huku kwetu KADU haiwezi hata kuzaliwa. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakataza chama kinachopigania kabila, dini au eneo moja tu la nchi, na inataka kila chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua kumi, Unguja na Pemba zikiwemo. Mtu akienda kwa Msajili na katiba ya chama cha Wamatumbi, au cha watu wa pwani ya Kusini, ataishia mlangoni. Siioni sheria hii kuwa ya kipuuzi. Nchi yenye makabila zaidi ya mia ina sababu ya kuogopa vyama vya ukoo. Ila ina gharama yake: manung'uniko ya mahali yanalazimika kupanda chombo cha mtu mwingine.

Pwani ya Lindi ilipanda CUF, chama chenye ngome yake Pemba. Mwaka 2010 kilichukua Kilwa Kusini na Lindi Mjini, ambako Salum Barwany akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa kuwa mbunge nchini. Mwaka 2015 kilichukua Kilwa zote mbili pamoja na Mchinga. Wapo waliosema ni kura za Uislamu tu. Undugu wa dini upo, sikatai, lakini hautoshi kueleza. Pemba haiishi kwa korosho wala gesi.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 katika kisiwa cha wilaya ya Kilwa, na tangu 2004 inapita kwenye bomba kwenda kuwasha mitambo ya Dar es Salaam. Kinachobaki kwa halmashauri kisheria ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Korosho nayo ina kisa chake. Hadi 2018, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilirudi kuliendeleza zao. Mwaka huo sheria ikabadilishwa, zote zikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini, wa CCM kwa wa upinzani, walipiga kelele bungeni. Kura zikapigwa, na wakashindwa kwa hesabu ileile iliyomtisha Ngala.

Utaambiwa Kusini ilitoa Rais, Benjamin Mkapa wa Masasi, na Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa wa Ruangwa, aliyekaa miaka kumi. Kweli tupu. Lakini mtoto wa nyumbani akiwa mkubwa huomba kwa ajili yenu. Halmashauri yenye fungu lake haiombi.

Kwa kuwa fungu hilo halipo, uzito wote huangukia kwenye sanduku la kura. Jioni ya uchaguzi, darasani, madawati yamesogezwa ukutani, msimamizi wa kituo anainua kura mojamoja na mawakala wanachora vijiti daftarini. Matokeo ya ubunge yanajazwa kwenye fomu namba 21B, wakala anasaini, anapewa nakala. Karatasi hiyo ndiyo silaha yake pekee. Wakala aliyenyimwa barua ya utambulisho asubuhi, kama vyama vya upinzani vilivyolalamika 2020, hana cha kupeleka mahakamani.

Kisha fomu inapanda kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, ambaye kwa desturi amekuwa mkurugenzi wa halmashauri, mteule wa Rais. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema hilo linavunja katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua. Sheria mpya ya 2024 inazungumzia watumishi waandamizi wa umma, maneno ambayo mkurugenzi anaenea ndani yake bila taabu.

Machi 2019 Maalim Seif, kinara wa CUF, alipohamia ACT-Wazalendo, wafuasi wake waliimba "shusha tanga, pandisha tanga". Kilwa, watu wa mashua, walielewa bila kufafanuliwa, na mbunge wao wa Kusini, Selemani Bungara, akamfuata baadaye. Mwaka 2020 Bungara alianguka, na majimbo yote ya mkoa wa Lindi yakawa ya CCM. Uchaguzi wa vijiji na mitaa wa Novemba 2024 uliipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura, mgombea urais wa ACT, Luhaga Mpina, alikuwa ameenguliwa, na Rais Samia akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97.

Safari hii chombo cha kuazima hakikuzama baharini. Kilizuiwa bandarini, na abiria wangali wamekaa ufukweni na mizigo yao: bei ya korosho, ushuru wa gesi, na swali la nani anamteua mkurugenzi.